Televisheni ya Chogo Ndani ya Mtandao wa Nyumba

Televisheni ya zamani haiujui mtandao, na haina haja ya kuujua. Kazi yake ni kupokea picha na sauti zilizokwisha kutayarishwa na kuzionyesha, basi. Ndiyo maana seti ya chogo ya miaka ya 1980 inaweza leo kuonyesha filamu iliyohifadhiwa ndani ya simu, bila bisibisi kugusa skrubu hata moja mgongoni mwake. Kinachotakiwa ni kisanduku cha kati: upande mmoja kinapokea Wi-Fi, upande wa pili kinatoa picha ya aina ambayo seti hiyo imezaliwa nayo. Ugumu wote uliobaki ni wa matundu, nyaya, mfumo wa rangi, mega za intaneti na betri.

Nyumba inayozungumziwa hapa iko Pweto, mji wa mkoa wa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulio upande wa kaskazini wa Ziwa Mweru, pale Mto Luvua unapotoka ziwani kuelekea Lualaba. Ng'ambo ya mpaka ni Chiengi, Zambia. Lubumbashi, makao makuu ya mkoa, iko mbali kusini, na barabara ikiharibika wakati wa mvua, kifaa kilichoagizwa huko hungoja. Mahali kama hapo, anayeuliza kwa nini mtu asinunue televisheni mpya hupata jibu jepesi: seti iliyopo bado inaonyesha, fedha ya seti mpya haipo au ina kazi nyingine, na hata hiyo mpya ingetaka umeme na mega.

Wala kazi yenyewe haina ugeni. Tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, seti za chogo hazikwenda jalalani. Zilifungiwa ving'amuzi zikaendelea kuonyesha. Kenya ilifuata kati ya mwisho wa 2014 na mwanzo wa 2015. Aliyewahi kufunga dekoda kwa nyaya tatu za rangi, awe Pweto au Tanga, amekwisha kufanya nusu ya kazi ya kuiingiza televisheni kwenye mtandao. Nusu iliyobaki ni kubadilisha kinachoingia katika kisanduku: badala ya mawimbi ya mnara au ya dishi, faili na video zinazopita katika Wi-Fi.

Kazi huanzia mgongoni mwa seti, kwa kutazama matundu kabla ya kununua chochote. Televisheni bapa yenye tundu la HDMI, hata iwe na umri wa miaka kumi na mitano, haina la kueleza: kisanduku kinachomekwa, rimoti inabonyezwa, kazi imekwisha. Maelezo yanahitajika kwa seti zilizotangulia. Nyingi kati ya hizo zina matundu matatu ya rangi: njano kwa picha, jeupe na jekundu kwa sauti ya kushoto na ya kulia. Zile ndogo zenye spika moja zina njano na jeupe tu. Hapo waya mwekundu huachwa ukining'inia, na watu hushangaa muziki ukisikika vizuri ilhali ala moja au mwimbaji mmoja hasikiki. Sauti ya kulia imepotea hewani. Dawa yake iko katika mipangilio ya kisanduku, pale sauti inapoweza kuunganishwa iwe mono.

Seti zilizotoka Ufaransa, na nyingi zilizotoka sehemu nyingine za Ulaya zikiwa zimeshatumika, zina tundu pana lenye nafasi 21 ambalo Wakongo huliita peritel. Ufaransa ililifanya la lazima kwa televisheni zote zilizouzwa nchini humo tangu 1980. Nyaya tatu za rangi huingia humo kupitia kichwa cha kugeuzia, na vichwa vingi vya aina hiyo vina swichi ndogo ya kuchagua kuingiza au kutoa. Swichi ikielekea upande wa kutoa, skrini hubaki nyeusi hata kama kila kitu kingine ni kizima. Ni kosa dogo kuliko yote katika kazi hii, na ndilo linalopoteza muda mwingi kuliko yote.

Kisha kuna zile kongwe, zenye tundu la antena peke yake. Hizi hutakiwa kudanganywa: picha ya kisanduku igeuzwe kuwa stesheni ya televisheni. Kifaa cha kufanya hivyo huitwa modyuleta, na ni adimu madukani, lakini nyumba iliyo na seti ya umri huo aghalabu ina deki ya kaseti za VHS iliyolala chini ya meza, na ndani ya deki mna modyuleta. Kisanduku hufungwa katika matundu ya kuingizia ya deki, waya wa antena hutoka deki kwenda kwenye televisheni, kisha stesheni hutafutwa polepole katika bendi ya UHF, kwa kawaida kati ya chaneli 30 na 40. Kwanza huonekana chenga, halafu mistari, halafu menyu ya kisanduku inajitokeza ikiwa imepinda na kutulia kadiri kitufe kinavyosogezwa. Deki haihitaji kaseti wala haihitaji kuzungusha chochote. Hata ile ambayo mkanda wake ulikwama miaka iliyopita hufaa, mradi inawaka. Kuna heshima fulani katika kumpa kazi tena mtumishi aliyestaafishwa, na deki hizo zinastahili kutazamwa kabla hazijavunjwa kwa ajili ya vyuma.

Picha ikipatikana huja swali la rangi, na hapa mpaka unajionyesha ndani ya sebule. Kongo, ilipoitwa Zaire, ilifuata SECAM, mfumo wa Kifaransa. Zambia, ambako televisheni ilianza Kitwe mwaka 1961, miaka mitano kabla ya kuanza Kinshasa, ilifuata PAL. Ubelgiji nayo, ingawa ndiyo iliyokuwa mtawala wa Kongo, ilifuata PAL. Kwa hiyo seti zilizofika Pweto kupitia Lubumbashi, zilizovuka kutoka Zambia na zilizokuja na makontena ya Ulaya hazikuzaliwa na mfumo mmoja. Visanduku vya leo hutoa PAL au NTSC, SECAM havitoi. Seti ya SECAM tupu ikipewa PAL huonyesha picha safi isiyo na rangi, na mwenye nyumba hudhani bomba la rangi limekufa. Seti nyingi za miaka ya 1990 kuja huku zinajua mifumo zaidi ya mmoja, na tatizo huisha kwa kuingia kwenye menyu ya kisanduku na kuchagua mistari 576 ya PAL badala ya 480 ya NTSC. Menyu ikiwa haisomeki, kigeuzi cha HDMI kwenda nyaya za rangi kina swichi ya PAL na NTSC ubavuni. Kwa wanaopitia tundu la antena, mfumo huhusu hata sauti: masafa kati ya picha na sauti hutofautiana, megahezi 5.5 kwa wengine, 6 au 6.5 kwa wengine, na tofauti hiyo ikikosewa picha huwa nzuri huku spika ikitoa mchakarisho mtupu.

Kifaa cha kati chenyewe huwa cha aina tatu. Kuna kisanduku cha Android, kilicho cha kawaida zaidi. Kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyotoka mara ya kwanza 2012 ikiwa na tundu la njano kabisa, na ambayo matoleo yake hadi la nne yalibaki na picha ya aina hiyo katika tundu dogo la duara. Na kuna kile ambacho wengi wanacho tayari bila kujua, yaani dekoda ya dishi ya bei nafuu yenye tundu la USB. Dekoda nyingi za namna hiyo hukubali kichomeko kidogo cha Wi-Fi, hasa chenye chipu ya RT5370 au MT7601, zikaingia kwenye mtandao wa simu na kuonyesha video. Kabla ya kuagiza kisanduku Lubumbashi ni busara kupekua menyu ya dekoda iliyopo.

Waya unaotoka katika tundu dogo la duara kwenda kwenye rangi tatu unastahili tahadhari ya pekee. Kichwa chake kina vipande vinne vya chuma vilivyotenganishwa na pete tatu nyeusi, na watengenezaji hawakukubaliana kipande kipi kibebe nini. Nyaya mbili zinazofanana kabisa kwa macho, moja ya kamera ya video na nyingine ya kisanduku, hupanga picha mahali tofauti. Dalili ni mngurumo mzito katika spika na skrini isiyo na kitu: picha inapelekwa kwenye sauti. Hapo huanza kujaribiwa waya mwekundu katika tundu la njano. Mara nyingi picha hutokea papo hapo, na rangi za plastiki zilizo kwenye vichwa husahauliwa. Isipotokea kwa kichwa chochote, basi kilichohama mahali ni waya wa ardhi, na hakuna ila kutafuta waya mwingine.

Bado pembe za picha zitakatwa. Televisheni za chogo zilitengenezwa zifiche kingo za picha nyuma ya fremu, na menyu za leo huweka saa na vitufe mule mule kwenye kingo. Kisanduku kina sehemu ya kupunguza ukubwa wa picha. Asilimia 90 hivi hutosha. Herufi ndogo hazitasomeka vizuri hata hivyo, na hilo halina dawa. Skrini hiyo iliumbwa kwa nyuso, mpira na mandhari, na ndivyo itakavyofaa kutumiwa.

Sasa mtandao wenyewe. Katika maelezo mengi yanayoandikwa kwa ajili ya miji mikubwa, mtandao wa nyumbani na intaneti huchukuliwa kuwa kitu kimoja, na anayeyasoma akiwa Pweto huona kwamba bila intaneti ya kudumu hana la kufanya. Hilo si kweli, na linawanyima watu kitu kilicho mikononi mwao. Mtandao wa nyumbani ni vifaa viwili au zaidi vinavyosikilizana. Ruta iliyowashwa bila laini yoyote ya nje tayari ni mtandao kamili. Simu ya Android iliyowasha hotspot huku data ikiwa imezimwa nayo ni mtandao kamili. Kisanduku kikiunganishwa na simu hiyo, programu kama VLC au Kodi hufungua filamu, nyimbo za kwaya na picha za harusi zilizomo ndani ya simu, na mega haipungui hata moja. Kilichopita hewani kimepita mita tatu tu, kutoka mkeka hadi meza ya televisheni.

Hatua inayofuata ni ruta yenye tundu la USB. Diski inachomekwa humo, na kila kilichomo huonekana na kisanduku, na simu za watoto, na kompyuta ya mgeni. Kilichonunuliwa mara moja kwa mega, au kilicholetwa katika flash kutoka Lubumbashi, kinakuwa cha nyumba nzima. Flash hiyo iangaliwe mpangilio wake: ile ya FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4. Kwa mwalimu kuna Kiwix, mradi ulioanza 2007, unaofungasha Wikipedia nzima, ya Kiswahili au ya Kifaransa, katika faili moja la kusomwa bila intaneti. Hiyo isomwe kwenye simu, kwa sababu iliyotajwa ya herufi, na televisheni ibaki na video za masomo. Nyumba yenye ruta moja, diski moja na seti ya chogo inatosha kabisa kuwa mahali ambapo majirani hukusanyika jioni, na hakuna kampuni inayopaswa kulipwa kwa jioni hiyo.

Mahali pa kuweka vifaa pana maana. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta wa matofali ya kuchoma vizuri kuliko ya 5, na mabati hayapenyeki na yoyote kati ya hayo mawili. Kisanduku kisifichwe nyuma ya chogo, katikati ya vyuma na nyaya za seti. Kikisogezwa pembeni kiganja kimoja tu, picha huacha kukatikakatika. Visanduku vya zamani pia havitambui ulinzi wa WPA3, kwa hiyo ruta mpya irudishwe kwenye WPA2, si kuachwa wazi bila neno la siri.

Intaneti ikiwepo, na huja kwa mega za Vodacom, Airtel au Orange, basi seti ya zamani ina fadhila moja isiyosemwa vya kutosha. Skrini yake haiwezi kuonyesha zaidi ya mistari 576. Video ya 480p hujaza uwezo wake karibu wote, nayo hula karibu nusu gigabaiti kwa saa. Ya 1080p hula mara tatu au zaidi, na kwenye chogo tofauti haionekani kwa jicho lolote. Lakini kisanduku hakijui kuwa nyuma ya waya wa njano kuna chogo. Kikiachwa kijichagulie, kitavuta picha kubwa, kiipunguze, na mega za wiki ziishe Jumamosi moja. Kiwango kifungwe kwa mkono katika programu yenyewe, na masasisho ya programu yazimwe, maana kisanduku kipya kikiona Wi-Fi huanza kwanza kujisasisha kabla ya kumwonyesha mtu chochote. Mji ulio mpakani una tahadhari ya ziada: simu inayotoa hotspot iambiwe ishike mtandao wake tu, isije ikanasa mnara wa nchi jirani na kutozwa bei ya ugenini. Tangu Mei 2025, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ARPTC, ilipoipa Starlink leseni, njia ya setilaiti nayo ni halali, ingawa bei ya chombo chake ni ya taasisi au ya kundi la nyumba zinazochangiana kuliko ya nyumba moja.

Umeme ndio unaomnyima mwenye chogo raha. Pale nyumba inapotegemea paneli ya sola au gurupu (jenereta) la saa mbili za jioni, kila wati ina hesabu. Seti ya inchi 21 hula wati 60 hadi 100. Kisanduku na ruta kwa pamoja hazifiki 20. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ya asidi, isiyopaswa kunyonywa zaidi ya nusu, itaiendesha yote hiyo kwa takriban saa tano. Televisheni bapa ya inchi 24 inayotumia volti 12 moja kwa moja hula wati 20 hadi 30, na anayenunua paneli kwa mara ya kwanza afanye hesabu hiyo kwa uaminifu: huenda gharama ya kuilisha chogo ikazidi bei ya kuiacha. Kwa mwenye paneli tayari, shida kubwa ni sekunde ya kuwasha. Seti ya rangi huwa na koili ya kusafisha usumaku inayovuta mamia ya wati kwa kitambo kidogo, na inveta ndogo huona kama kuna hitilafu, ikajizima. Inveta ya wati 500 hustahimili. Ya 150 haistahimili, hata kama namba iliyoandikwa mgongoni mwa seti ni 70.

Umeme unaokatika una dhara lingine ambalo watu hawalihusishi nao. Visanduku vingi vya bei nafuu havina betri ndogo ya saa. Vikizimika, vikiwaka tena vinadhani ni 1970 au mwaka vilipotengenezwa. Huduma za intaneti hukagua vyeti vya usalama vyenye tarehe, na kifaa kinachoishi 1970 huona kila cheti ni batili. Matokeo yake simu inafungua kila kitu, kisanduku hakifungui chochote, na mafundi hulaumu ruta. Kuweka tarehe kwa mkono hurudisha kila kitu.

Kuna kundi la mwisho la televisheni za zamani, na hali yao inasikitisha zaidi ya chogo: zile bapa za kwanza zilizouzwa kwa jina la smart, zenye tundu la waya wa mtandao na programu zao ndani. Hizo zilijua mtandao, na mtandao ukazitupa. Mwaka 2015 YouTube ilifunga mlango uliotumiwa na seti za 2012 kurudi nyuma. Desemba 2019 Netflix iliziacha baadhi ya seti za Samsung za 2010 na 2011. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi, kilichotegemewa na tovuti nyingi sana, kilifika mwisho wa muda wake, na vifaa visivyosasishwa vikashindwa kuzifungua. Skrini zao ni nzima, rangi ni nzima. Kilichozeeka ni programu peke yake. Dawa ni kuzitendea kama chogo, yaani kuzichomekea kisanduku. Lakini zina jambo moja lililosalimika: DLNA, utaratibu wa kucheza mafaili ya ndani ya nyumba ulioanzishwa 2003, hauombi ruhusa ya mtu yeyote wa nje. Diski iliyo kwenye ruta bado inaonekana na seti ya 2010 kama ilivyoonekana siku ilipotolewa boksini. Kilichokuwa cha nyumba kimedumu kuliko kilichokuwa cha kampuni.

Siku bomba la picha litakapokufa kweli, kisanduku, diski na ruta huhamia kwenye seti nyingine bila kubadilika, na chogo hubaki kuwa taka yenye hatari. Bomba huweza kuhifadhi maelfu ya volti hata baada ya seti kuchomolewa, kwa hiyo mfuniko usifunguliwe na asiye fundi. Kioo chake kina risasi, na katika seti kubwa hufika kilo moja na zaidi. Katanga ni nchi ya shaba na kila mtu anajua thamani yake, ndiyo maana watoto huvunja shingo ya bomba kufikia koili na kuchoma nyaya ili plastiki iyeyuke. Moshi huo ni sumu, na vipande vya kioo hubaki uani wanamocheza. Koili na nyaya zitolewe na fundi kwa mkono, na bomba likae zima mahali pakavu, mbali na kisima na mbali na ufuo wa ziwa.